Sahihi pekee haitoshi: Mhadhiri na ulezi wa mtafiti wa shahada ya kwanza

KATIKA vyuo vikuu vingi humu nchini, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapofika mwaka wa mwisho hutakiwa kufanya jambo ambalo pengine hajawahi kulifanya maishani. Hutakiwa kuuliza swali ambalo jibu lake halimo katika maelezo ya mhadhiri, kulitafutia jibu yeye mwenyewe, kisha kuandika alichokipata na kukitetea mbele ya wengine. Kazi hiyo huitwa mradi wa utafiti, na baadhi ya idara huiita tasnifu. Kwenye kurasa zake za mwanzo huwa pana nafasi ya sahihi mbili: ya mwanafunzi anayekiri kwamba kazi ni yake, na ya msimamizi anayethibitisha kwamba aliisimamia.

Yanayotokea baina ya sahihi hizo mbili hutofautiana mno. Yuko mwanafunzi ambaye hukutana na msimamizi wake kila baada ya wiki mbili, akaulizwa maswali, akarekebishwa na kutiwa moyo. Yuko pia ambaye humwona msimamizi mara mbili tu: siku ya kupewa jina lake na siku ya kupeleka kazi ili itiwe sahihi. Wote wawili huhitimu na kuvalia joho siku moja. Hata hivyo, mmoja ameondoka chuoni akijua namna ya kutafuta ukweli, ilhali mwenzake amejifunza tu namna ya kujaza kurasa.

Makala haya yanaeleza maana ya ulezi wa watafiti chipukizi, chimbuko lake, hatua zake, na vizuizi vinavyoukabili nchini Kenya. Hoja yetu kuu ni moja: usimamizi wa mradi usipokuwa ulezi, chuo huwa kimempa mwanafunzi cheti na kumnyima elimu iliyokusudiwa.

Maana ya ulezi wa utafiti

Msimamizi na mlezi wanaweza kuwa mtu yule yule, lakini kazi zao si moja. Msimamizi huangalia kama masharti yametimizwa: idadi ya kurasa, mpangilio wa sura, tarehe ya mwisho. Mlezi huangalia kama mwanafunzi anakua kifikra. Humfundisha kutofautisha kati ya anachokijua, anachokidhania na alichoambiwa. Humwonyesha kwa vitendo jinsi msomi anavyofanya kazi, ikiwa ni pamoja na jinsi anavyokiri kosa.

Mafundi wa kale wa pwani yetu hawakuhitaji kuelezwa tofauti hiyo. Kijana aliyetaka kuwa seremala au muunda jahazi hakupewa kitabu, akaambiwa arudi baada ya miezi minane na chombo kilichokamilika. Alikaa karibu na fundi, akashika msumeno fundi akitazama, akakosea na kurekebishwa papo hapo. Utafiti nao ni ufundi wa aina hiyo. Kanuni zake zaweza kusomwa darasani, lakini mkono huzoea kwa kufanya kazi ukiwa karibu na mkono mwingine ulioizoea.

Chimbuko lake

Fikra ya kwamba kufundisha na kutafiti ni mambo yanayopaswa kwenda pamoja huhusishwa zaidi na Wilhelm von Humboldt na chuo kikuu kilichoanzishwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1810. Mnamo 1824, mwanakemia Justus von Liebig alianza kufundisha katika mji mdogo wa Giessen nchini humo akiwa na umri wa miaka 21. Maabara yake ilipata sifa kote Ulaya kwa sababu wanafunzi hawakukaa tu kumtazama profesa akichanganya kemikali. Walichanganya wao wenyewe, wakapewa maswali yao ya kuchunguza, naye akawafuatilia mmoja baada ya mwingine. Chuo Kikuu cha Giessen leo kinaitwa kwa jina lake.

Kwa muda mrefu, nafasi kama hiyo ilielekea kuwa ya wanafunzi wa shahada za juu. Hatua kubwa ya kuwafungulia mlango wale wa shahada ya kwanza ilichukuliwa mwaka wa 1969 nchini Marekani katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT. Mwanafizikia Margaret MacVicar alianzisha huko mpango uliomruhusu mwanafunzi kujiunga na utafiti wa mhadhiri kama mwenzake mdogo, ama kwa malipo, ama kwa alama za masomo, ama kwa kujitolea. Mwaka wa 1978, wanakemia kutoka vyuo vidogo vya Marekani waliunda baraza la kuendeleza utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hawa hawakuwa na maabara za kifahari wala makundi ya wanafunzi wa uzamifu wa kuwasaidia. Walikuwa na wanafunzi wao wa kawaida, nao wakaamua kutafiti pamoja nao.

Mwaka wa 1998, tume iliyopewa jina la mwanaelimu Ernest Boyer ilitoa ripoti iliyovikosoa vyuo vikuu vya utafiti vya Marekani kwa kuwapuuza wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ilipendekeza kwamba kujifunza kwa kutafiti kuwe ndio utaratibu wa kawaida tangu mwaka wa kwanza, pasipo kungoja ule wa mwisho.

Kisa cha Mpemba na Osborne

Msomaji asidhani kwamba mifano bora yote imetoka ng'ambo. Mwaka huo huo wa 1969, jarida moja la ufundishaji wa fizikia nchini Uingereza lilichapisha makala yenye majina mawili. La kwanza lilikuwa la Erasto Mpemba, kijana Mtanzania. La pili lilikuwa la Dkt Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba hakuwa hata mwanafunzi wa chuo kikuu alipouliza swali lake, lakini kisa chao kinafundisha kuhusu ulezi wa utafiti kuliko miongozo mingi.

Mwaka wa 1963, Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanzania. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya takriban saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu yake, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika Shule ya Upili ya Mkwawa mjini Iringa, aliuliza tena walipokuwa wakijifunza kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Wanafunzi wenzake waliligeuza jibu hilo kuwa mzaha wa darasa; kila alipokosea, walimkumbusha.

Dkt Osborne alipozuru shule hiyo kutoa mhadhara, Mpemba alisimama na kuuliza: ukiweka katika jokofu vyombo viwili vyenye kiasi sawa cha maji, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Mhadhiri huyo angeweza kutoa jibu la mzaha na kuendelea na safari yake. Badala yake alimuuliza kama alikuwa na hakika, kisha akaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporejea Dar es Salaam.

Aliitimiza ahadi. Fundi wa maabara aliyeagizwa kufanya jaribio alileta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wangeendelea kulirudia hadi wapate jibu sahihi! Majaribio zaidi yakaonyesha kwamba kijana hakuwa ameota. Hatimaye wakaandika pamoja, na jina la mwanafunzi likatangulia lile la mhadhiri. Hadi leo wanasayansi huliita tukio hilo kwa jina la Mpemba. Wanafikra wa zamani kama Aristotle walikuwa wameligusia karne nyingi kabla, na watafiti wangali wanabishana kuhusu sababu zake, hata kuhusu iwapo hutokea kila mara. Mabishano hayo hayapunguzi thamani ya kisa. Yanaonyesha kwamba swali la kijana wa kidato lilikuwa swali la kweli.

Zingatia alichokifanya Osborne. Alisikiliza swali hadi mwisho. Hakujifanya anajua asichokijua. Alilipima jambo badala ya kulihukumu. Aidha, hakumpokonya mwenye swali haki yake. Mambo hayo manne ndiyo kiini cha ulezi wa utafiti, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Mifano ya nyumbani

Nchini Kenya, wanafunzi wa shahada ya kwanza wamewahi kuchangia elimu ya taifa zima. Prof Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka wa 2025, alionyesha katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Waluo kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi unaoweza kupimwa na kutumiwa na mwanahistoria. Katika miaka ya 1970, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitumwa kwa jamii zao kuwahoji wazee kuhusu uhamaji, vita, biashara na ujio wa wakoloni. Tasnifu zao za shahada ya kwanza zimetajwa mara nyingi katika vitabu vya wataalamu. Wazee wengi waliohojiwa wamekwisha kufariki, na huenda sauti zao zimebaki katika kurasa hizo tu zilizopigwa taipu na vijana wa miaka 22 au 23.

Fasihi nayo ilifuata njia hiyo. Baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba kuandika waraka wao mashuhuri wa 1968 wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo, fasihi simulizi ilipata nafasi ya heshima. Wanafunzi walikwenda nyanjani kukusanya ngano, nyimbo na vitendawili. Hawakwenda kama watalii. Walifundishwa kwanza namna ya kumwendea msimulizi, kumrekodi, na kuandika jina lake na mazingira ya usimulizi.

Profesa Wangari Maathai naye ni mfano, ijapokuwa alikuwa amekwisha kupata shahada za Marekani aliporudi nyumbani mwaka wa 1966. Baada ya kukosa kazi aliyokuwa ameahidiwa, alipokewa na Prof Reinhold Hofmann aliyekuwa akiijenga idara ya anatomia ya mifugo mjini Nairobi. Hofmann alikuwa ametoka Giessen, mji ule ule wa Liebig. Alimfundisha kazi ya maabara, akamhimiza aendelee na masomo, na mwaka wa 1967 Maathai akaenda Ujerumani kutafiti. Mnamo 1971 alitunukiwa uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho. Ulimwengu ulimjua baadaye kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, lakini kabla ya hayo yote palikuwa na profesa aliyempa darubini na muda wake.

Hatua za ulezi

Kazi ya kwanza ya mlezi ni kumsaidia mwanafunzi kupata swali linaloweza kujibika. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kiswahili anayefika na mada ya "Sheng na vijana wa Kenya". Mada hiyo ni bahari. Msimamizi mzembe ataipitisha. Msimamizi mkali ataikataa. Mlezi atauliza maswali. Ni vijana gani? Wa wapi? Sheng ya kusemwa au ya kuandikwa? Baada ya vikao viwili, huenda mwanafunzi akajikuta akitafiti maneno yaliyoandikwa kwenye matatu za njia moja ya Nairobi katika mwezi mmoja. Hapo anaweza kuhesabu, kulinganisha na kufikia hitimisho.

Hatua ya pili ni kusoma yaliyokwisha kuandikwa. Mwanafunzi akipewa orodha ya vitabu 30, hukata tamaa au hunakili dondoo asizozielewa. Ni afadhali mlezi ampe makala mbili au tatu nzuri, wazisome pamoja, amwonyeshe jinsi mwandishi alivyojenga hoja na mahali alipoacha pengo. Baada ya hapo mwanafunzi ataweza kutafuta nyingine peke yake, na wahudumu wa maktaba watamfaa sana.

Tatu ni pendekezo la utafiti na idhini. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 iliweka utaratibu wa leseni kwa wanaofanya utafiti nchini. Lakini maadili ya utafiti hayaishii katika leseni. Mwanafunzi afundishwe kumweleza anayemhoji kusudi la mahojiano, kuomba ridhaa yake, kuficha jina lake inapobidi, na kuwa mwangalifu zaidi anapohusisha watoto au wagonjwa. Mwenye kuhojiwa ana haki ya kukataa, na kukataa kwake si kosa.

Hatua ya nne ni kukusanya data, na hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Mwanafunzi huchapisha hojaji 100, akazigawa zote, kisha akagundua kwamba swali la tatu halikueleweka na yeyote. Mlezi humtaka aijaribu kwanza kwa watu watano na kuleta majibu yao. Kwa mwanafunzi wa sayansi anayepima, tuseme, maji ya visima vya mtaa fulani, mlezi huitazama sampuli ya kwanza pamoja naye, na huhakikisha kwamba kila kipimo kinaandikwa katika daftari siku ile ile, kiwe kinapendeza au hakipendezi. Yule fundi aliyetaka kurudia jaribio hadi apate jibu alilolitarajia anatukumbusha jinsi ilivyo rahisi kukataa matokeo yasiyokubaliana na tulichofundishwa.

Hatua ya tano ni uandishi. Rasimu isome na irudi, tena irudi mapema. Rasimu iliyokaa mezani kwa miezi miwili humfundisha mwanafunzi kwamba kazi yake haina thamani. Masahihisho nayo yasiwe ya tahajia na nukta peke yake. Swali fupi la "Umejuaje?" pambizoni mwa ukurasa lina manufaa kuliko mistari mingi ya wino mwekundu, kwa maana humrudisha mwanafunzi kwa ushahidi wake.

Hatua ya mwisho ni kuiwasilisha kazi na kuihifadhi. Mwanafunzi ajifunze kusimama mbele ya wenzake kwa dakika 15, aeleze alichokitafuta na alichokipata, na akubali kukosolewa. Nakala ihifadhiwe mahali inapoweza kusomwa na wengine. Na iwapo mhadhiri atachapisha makala kutokana na data au fikra za mwanafunzi, jina la mwanafunzi liwemo. Kumshukuru katika tanbihi mtu aliyestahili kuwa mwandishi mwenza ni kumdhulumu, hata kama shukrani zenyewe zimeandikwa kwa lugha tamu.

Vizuizi nchini

Ingekuwa si haki kuwatupia wahadhiri lawama zote. Vyuo vikuu vya umma vilipanuka kwa kasi tangu kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilipojiunga navyo mwaka wa 1990, na zaidi baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha masomo ya wanafunzi wa kujilipia karo mwaka wa 1998, mtindo ulioigwa na vinginevyo. Viwango vilivyowekwa mwaka wa 2014 chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilitaja mhadhiri 1 kwa wanafunzi 7 katika masomo ya tiba, 1 kwa 10 katika sayansi, 1 kwa 15 katika sanaa na 1 kwa 18 katika sayansi za jamii. Yeyote aliyepita karibu na ukumbi wa mihadhara uliofurika hadi madirishani anajua umbali uliopo kati ya karatasi na hali halisi.

Isitoshe, mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa machapisho yake na kwa idadi ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu aliowafikisha mwisho. Saa anazotumia na mwanafunzi wa mwaka wa nne hazimwongezei mengi katika faili yake. Kuna pia wahadhiri wa muda wanaokimbia kutoka bewa moja hadi jingine, ambao hawana ofisi ya kumkaribisha mwanafunzi. Na migomo, kama ile ya 2017, 2018 na 2025, huyameza majuma ambayo yangetumiwa kwa vikao. Masomo yanaporejea, mradi wa miezi minane hubanwa katika wiki chache.

Pengo hilo huzibwa na wafanyabiashara. Karibu na vyuo, si vigumu kumpata mtu wa kukuandikia mradi mzima kwa malipo. Kenya imejulikana hata kimataifa kwa vijana wasomi wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu, jambo lililoangaziwa katika filamu ya 'The Shadow Scholars' ya mwaka wa 2024. Ni kinaya chenye uchungu kwamba vijana wenye uwezo wa kutafiti kwa ajili ya wageni hawakupata nafasi ya kutafiti kwa ajili ya nchi yao.

Sasa zimekuja programu za akili unde zinazoweza kuandika kurasa 40 kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Vyuo vingi vimekimbilia mitambo ya kunasa udanganyifu. Mitambo hiyo ina nafasi yake, lakini mlezi ana kipimo bora zaidi: amemwona mwanafunzi wake tangu siku ya swali la kwanza, ameziona hojaji zake zenye madoa ya vumbi, amesoma rasimu yake ya kwanza iliyojaa makosa. Mwanafunzi anayefuatiliwa kila baada ya wiki mbili hana pa kuingizia mradi wa kununua.

Yanayowezekana leo

Mhadhiri mwenye wanafunzi 20 hawezi kumpa kila mmoja saa nzima kwa wiki. Anaweza, hata hivyo, kuwagawa katika makundi ya watano wenye mada zinazokaribiana, akakutana na kila kundi kwa saa moja kila baada ya wiki mbili. Hizo ni saa mbili kwa wiki. Wanafunzi husomeana rasimu, na kosa la mmoja huwa funzo la wenzake wanne. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuwasaidia wadogo wao, na mafundi wa maabara waheshimiwe kama walimu, kwani mara nyingi ndio wanaojua kwa nini chombo hakisomi sawasawa.

Idara nazo zinaweza kuanza mapema. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya uchunguzi mdogo wa kurasa tano katika mwaka wa pili hataogopa mradi wa mwaka wa nne. Vyuo vikiamua, vinaweza kuhesabu ulezi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika kupandisha vyeo, na kutaka daftari la vikao liambatishwe kwenye mradi ili sahihi ya msimamizi iwe na ushahidi nyuma yake.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Asiende ofisini kwa msimamizi mikono mitupu na kuuliza, "Sasa nifanye nini?" Aende na kurasa mbili alizoandika na maswali matatu aliyoshindwa kuyajibu. Baada ya kila kikao aandike walichokubaliana na tarehe ya kukutana tena. Akichelewa, aseme ukweli. Mhadhiri mwenye shughuli nyingi humpa nafasi kwa urahisi anayeonyesha kwamba amejitahidi. Na endapo msimamizi hapatikani kabisa, mwanafunzi aende kwa mwenyekiti wa idara mapema, kwa heshima na kwa maandishi, asingoje wiki ya mwisho.

Mzazi anayelipa karo pia anaweza kumuuliza mwanawe swali moja zaidi ya lile la alama: "Unatafiti nini, na nani anakuongoza?" Jibu litamweleza mengi kuhusu chuo alichomchagulia.

Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi linatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka wa 2029. Hao ni watoto waliozoezwa tangu shule za msingi kufanya miradi, kuuliza na kujaribu. Watafika kwa wahadhiri wakiwa na maswali mengi, baadhi yakiwa ya kuchekesha kama lile la maziwa ya moto na jokofu. Vyuo vina miaka michache ya kuamua watakayemkuta mlangoni: mwalimu atakayewaambia kwamba hiyo ni fizikia yao wenyewe, au yule atakayewauliza kama wana hakika, kisha akaenda nao maabarani kupima.